Macho Mekundu Yanatoka Jikoni

Kijitabu hiki ni cha kaya za Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na Tabora, hasa vijana. Kinawahusu bibi zetu. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa kanda hii wamekuwa wakikatwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao wenyewe, kwa kuwa macho yao ni mekundu na macho mekundu huchukuliwa kuwa alama ya mchawi. Kabla hujaamini alama hiyo, fahamu inatoka wapi.

Ingia jikoni

Nenda kwenye jiko la bibi yako jioni, wakati ameteleka maji ya ugali. Jiko ni la tope, halina dirisha, na mlango wake hukulazimu kuinama. Kwenye mafiga hakuna kuni za maana. Kuna vijiti vibichi, mabua ya mahindi, miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, na vipande vya kinyesi cha ng'ombe vilivyoanikwa juani vikakauka. Moto ukififia, bibi anainama mpaka shavu linakaribia majivu, anapuliza. Moshi unamvaa usoni. Anajifuta machozi kwa pindo la kanga, anapuliza tena. Wewe utakuwa umeshatoka nje unakohoa kabla maji hayajachemka. Yeye alianza kazi hiyo akiwa binti wa miaka 8 hivi, na leo ana miaka 70 bado anapuliza.

Moshi wa namna hiyo huwasha ngozi laini inayofunika jicho. Vimishipa vya damu vinavimba, na ikiwa ni kila siku kwa maisha yote, wekundu hauondoki tena. Juu yake kuna trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Huenezwa na vidole, nguo na inzi, na hushamiri palipo na uhaba wa maji ya kunawa. Watoto ndio huugua zaidi, na anayewafuta tongotongo kwa kanga yake huambukizwa tena na tena. Baada ya miaka mingi ukope hupinda ukaingia ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Hapo bibi hukunja uso, huona kwa shida, humkodolea mtu macho ili amtambue. Watu wanasema anatazama vibaya. Anaumwa. Trakoma ina dawa, na ukope uliopinda hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Na kwa nini apikie kinyesi? Shinyanga ilikuwa na misitu. Enzi za ukoloni maeneo makubwa yalifyekwa ili kuwamaliza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakachukua mengine. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliohimiza wafugaji kurudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili yaote tena, sehemu nyingi zilikuwa zimebaki peupe. Muda wote huo ugali uliendelea kupikwa, na aliyehangaika kutafuta cha kuwashia moto ni mwanamke.

Mbona wanaume hawaguswi

Mvuvi wa dagaa anayekesha na karabai ziwani hurudi asubuhi na macho mekundu. Fundi wa kuchomelea vyuma anayo, mchoma mkaa anayo. Tunawapa pole kwa kazi. Hatusikii wakifuatwa usiku kwa macho hayo. Wekundu ni uleule. Kinachobadilika ni kwamba huyu ni mwanamke, mzee, mara nyingi mjane, anaishi peke yake, na ana shamba.

Hilo la shamba lisipitwe. Mtoto akifa kwa malaria, au ng'ombe wakipukutika, familia iliyofiwa hukimbilia kwa mpiga ramli. Naye husema: ni mama mtu mzima, ana macho mekundu, hakai mbali na kwenu. Kijiji gani hakina mama wa namna hiyo? Aliyefiwa hulijaza jina mwenyewe, na pengine ndugu mwenye tamaa ya ardhi yumo hapohapo kumsaidia kulijaza. Pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kilifi, alama ni mvi. Huko wapo wazee waliopaka nywele zao rangi nyeusi ili wasiuawe, na katika mauaji mengi ya huko pia ugomvi wa ardhi umetajwa.

Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1928, inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, ambao nao waliwindwa kwa sababu ya mwonekano wao. Anayelipa wakata mapanga ana kesi ya mauaji sawa na aliyeshika panga.

Ukisikia jina la bibi linatajwa kilabuni, gulioni au msibani, usingoje uhakika. Kati ya jina kutajwa na panga kuingia, siku zinaweza kuwa chache. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, au piga polisi 112. Bibi asilale peke yake. Apate mjukuu au jirani wa kulala naye, au ahamie kwa mtoto wake kwa muda. Mpelekeni kituo cha afya akapimwe macho, na mwende naye mchana, watu wakiona.

Kisha toboeni dirisha jikoni kwake, juu ya usawa wa mafiga, upande upepo unakoelekea. Vijana wawili na sururu moja wanaimaliza kazi hiyo asubuhi moja. Anzeni kwa bibi anayeishi peke yake, na mkimaliza msiondoke. Kaeni naye mle ndani mpaka ugali uive.