Somo la 12: Kichocheo na Mabaki ya Dizeli ya Mimea

Mafuta ya mimea, kama ya soya au ya mawese, yaweza kugeuzwa kuwa dizeli ya kuendeshea magari. Mafuta hayo huchanganywa na spiriti iitwayo methanoli. Kilo 100 za mafuta hutoa karibu kilo 100 za dizeli, na karibu kilo 10 za gliserini.

Gliserini ni kimiminika kizito, kitamu, kisicho na rangi. Iliyo safi hutiwa katika dawa na mafuta ya kupaka. Lakini itokayo katika viwanda vya dizeli ni chafu, na viwanda vilipoongezeka ilizidi mahitaji. Je, ifanyiwe nini?

Kichocheo
Kitu kiharakishacho badiliko la kikemia bila chenyewe kwisha huitwa kichocheo. Metali nyingi hufanya kazi hii.

Jaribio
Vifaa: bilauri, haidrojeni peroksaidi (dawa ya kuoshea vidonda), na unga mweusi wa betri kuukuu ya tochi. Mwalimu ndiye atakayeifungua betri.
1. Tia dawa kidogo katika bilauri. Itazame.
2. Ongeza unga kidogo. Unaona nini?
3. Mapovu yakikoma, ongeza dawa nyingine juu ya unga uleule.
4. Nawa mikono kwa sabuni.

Mapovu hayo ni gesi ya oksijeni. Unga una manganizi, nayo ndiyo kichocheo. Kwa kuwa haikwisha, mapovu yalitoka tena.

Shaba na gliserini
Huko Marekani, Profesa Galen Suppes wa Chuo Kikuu cha Missouri aliipasha moto gliserini pamoja na haidrojeni, akitumia kichocheo chenye shaba na kromi. Molekuli ya gliserini ina atomi tatu za oksijeni. Moja huondoka, ikaungana na haidrojeni kuwa maji. Kinachobaki huitwa propilini glikoli. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo mwaka 2006.

Katika nchi za baridi, propilini glikoli huchanganywa na maji ya rejeta ili yasigande. Ethilini glikoli, iliyozoeleka kwa kazi hiyo, ni sumu yenye utamu. Watoto na mbwa wamekufa kwa kuinywa. Propilini glikoli haina sumu kali kama hiyo. Hivyo mabaki yaliyokosa kazi yaweza kuokoa maisha.

Maswali
1. Kichocheo ni nini?
2. Kwa nini mapovu yalitoka tena?
3. Kilo 500 za mafuta zitatoa karibu kilo ngapi za gliserini?
4. Kwa nini sumu tamu ni ya hatari zaidi kwa watoto kuliko sumu chungu?