Usikimbilie Kufomati: Vidokezo kwa Wenye Kompyuta Muthara

Kompyuta nyingi za saiba na ofisi ndogo hapa Muthara, Tigania Mashariki, ni zile za mtumba tunazoziita ex-UK. Zilifanya kazi kwingine, zikapanguswa vumbi, na sasa zinachapa barua za chifu, mitihani ya shule, hesabu za chama na ratiba za mazishi. Programu ikigoma, ushauri wa kwanza kusikika ni "fomati tu". Napinga ushauri huo. Kufomati ovyo kunafuta kumbukumbu za watu, na mara nyingi tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Jaribu haya kwanza.

1. Piga picha ya kosa. Dirisha la kosa likitokea, wengi hubonyeza OK kabla ya kulisoma. Lipige picha kwa simu. Namba iliyoandikwa pale ndiyo itakayomwonyesha fundi pa kuanzia, akiikosa, atakisia.

2. Tazama saa ya kompyuta. Ukurasa wa eCitizen ukikataa kufunguka, na kivinjari kikidai kuwa mawasiliano si salama ilhali simu yako inaufungua vizuri, angalia tarehe pale chini kulia. Huenda kompyuta inadhani tungali mwaka 2015. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta iliyobaki nyuma hukiona cheti hicho kama hakijaanza kutumika, nayo inakataa kuendelea. Rekebisha tarehe, uchague saa za Nairobi. Tarehe ikirudi nyuma tena kila stima inapopotea, ujue kibetri kilicho ndani kimekwisha. Kinaitwa CR2032, ni bapa na cha mviringo. Zima mashine, chomoa waya, weka kipya, kisha upange tarehe upya. Msururu wa wateja wa KRA unaokuja kabla ya Juni 30 usikukute na kibetri kilichokufa.

3. Programu ikiganda, usichomoe waya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke. Tazama safu ya diski. Ikisoma asilimia 100, kompyuta inashughulika na jambo jingine, pengine antivirasi au sasisho. Ipe dakika chache. Mambo yasipobadilika, ichague programu iliyoganda na uifunge hapo hapo. Kuzima umeme ghafla ndiko kunakoharibu faili.

4. Jiandae kwa stima kupotea. Word hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Kwa mtu anayechapa mtihani wa kurasa sita, dakika 10 ni nyingi mno. Ingia kwenye chaguo za kuhifadhi uzifanye 2. Hata hivyo, zoea Ctrl na S kila umalizapo aya. UPS ndogo nayo inafaa sana: inakupa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu.

5. Word ikikataa kufunguka, shikilia Ctrl huku ukiibofya. Itakuuliza kama unataka kuifungua kwa njia salama, kubali. Ikifunguka, programu yenyewe ni nzima, na mkosaji huenda ni nyongeza fulani iliyobandikwa juu yake. Ziondoe nyongeza moja moja mpaka umpate. LibreOffice nayo ina njia yake salama, iko kwenye menyu ya msaada.

6. Printa ikinyamaza. Kazi moja iliyokwama huziba foleni nzima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, uianzishe upya. Hilo pekee humaliza ugomvi mwingi.

7. Linda bando. Ukiunganisha kompyuta kwa hotspot ya simu, Windows hudhani una intaneti isiyo na mwisho na huanza kupakua masasisho. Fungua mipangilio ya mtandao huo uwashe chaguo linaloiambia kompyuta kwamba data yako inalipiwa kwa kipimo. Siku ukipata Wi-Fi ya bei nafuu, ruhusu masasisho yote yaingie, kwa sababu ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

8. Safisha eneokazi, na hapa naomba tusifanye mzaha. Ingia saiba yoyote utazame kioo: nakala za vitambulisho, PIN za KRA, vyeti vya KCSE na barua za hospitali zimetapakaa mbele ya kila anayekaa. Hizo ni siri za majirani zetu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo inamhusu pia mwenye duka dogo anayeskani kitambulisho cha mteja. Tengeneza folda moja, iite Leo. Kila cha mteja kiende humo, na jioni uifute yote pamoja na kilichomo kwenye pipa la taka na folda ya vipakuliwa. Ukiinuka hata kidogo, bonyeza kitufe cha Windows na L ili kioo kifungwe. Kisha weka njia za mkato za eCitizen na KRA kwa anwani ulizoziandika mwenyewe kwa uangalifu. Ukizitafuta upya kila mara, iko siku utabofya tovuti bandia.

9. Ifanye kompyuta ikufae wewe. Maandishi yakikusumbua macho, yakuze hadi asilimia 125 au 150. Chagua Kenya katika mipangilio ya eneo. Ukiacha Marekani, 06/07 itasomwa Juni 7. Ukipenda, menyu zenyewe ziwe za Kiswahili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, mwaka 2004, na Windows nayo ina Kiswahili.

Usisahau Kimeru. Ratiba za mazishi na nyimbo za kanisa huchapwa bila alama zake, na msomaji hulazimika kubahatisha. Kwenye Word andika 0129 kisha ubonyeze Alt na X, utapata ĩ. Kwa ũ, andika 0169. Kwa herufi kubwa, 0128 hutoa Ĩ na 0168 hutoa Ũ. Anayeandika sana na ajitengenezee njia ya mkato ya vitufe kupitia dirisha la kuingiza alama.

10. Amua kuhusu Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Kwa Intel, kizazi cha nane kuendelea. Ex-UK nyingi hazifiki hapo. Kwa mashine ya namna hiyo ningependekeza Linux Mint. Ni ya bure, ina LibreOffice inayosoma faili za Word, na Firefox yake inafungua eCitizen. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Jaribu printa na skana kabla hujaamua.

Na ikibidi ufomati kweli, nakili faili zako kwenye diski ya nje, zifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama zinasomeka, ndipo umkabidhi fundi mashine.