Rafiki wa Meneja Kapanda Cheo, Mimi Nimebaki Kaunta

Maswali haya yanatoka kwa wafanyakazi wa supamaketi na maduka makubwa nchini Tanzania. Yanajibiwa na mshauri wetu wa masuala ya kazi.

Nina miaka minne kaunta, wateja wananijua kwa jina. Mwezi uliopita katangazwa supavaiza binti aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye kila jioni huondoka na gari la meneja. Nianzie wapi?

Pole sana, dada. Usianze na gari. Ukilalamikia gari utaambiwa una wivu, na shauri lako litaishia hapo. Anza na kazi zenyewe.

Cheo kile hakikutolewa mwezi uliopita. Supavaiza lazima ajue kufunga mahesabu ya siku, kupokea mzigo wa wasambazaji na kuukagua, kuhesabu stoo, kupanga zamu. Nani alikuwa akiitwa ofisini usiku mahesabu yakifungwa? Nani aliachiwa funguo za stoo? Nani alikaimu supavaiza alipokwenda likizo? Ukifuatilia, huenda ukakuta mwenzako alipewa hayo yote, moja baada ya jingine, bila tangazo, na wewe ukaambiwa ubaki kaunta kwa sababu foleni unaiweza. Usaili ulipofika, yeye alikuwa na uzoefu na wewe hukuwa nao. Meneja akisema amechagua mwenye sifa, kwenye karatasi anasema kweli, na ndiyo maana upendeleo wa namna hii ni mgumu kuupinga ukishafika kwenye tangazo la cheo.

Mwandikie meneja barua fupi, nakala iende ofisi ya rasilimali watu. Uliza vigezo vya usupavaiza ni vipi, wewe ulipungukiwa nini, kisha omba uingizwe kwenye zamu za kufunga mahesabu na kuhesabu stoo. Jina la mwenzako lisionekane popote. Nafasi ikifunguka tena, barua hiyo itakuwa imekutangulia.

Mimi nikipata shoti, yaani droo ikipungua, hata ya shilingi elfu tano, nakatwa na barua ya onyo juu. Rafiki yake meneja anaambiwa "utaleta kesho". Hii ni halali?

Swali hili linaniuma, kwa sababu shoti haiishii kwenye mshahara. Kila moja inaingia kwenye faili. Mwaka ukiisha, faili lako lina barua za onyo na la mwenzako ni jeupe, ingawa droo zenu zilikuwa sawasawa. Faili hilo ndilo litakalofunguliwa siku ya kupandisha vyeo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara anavyotaka. Uwe umekubali kwa maandishi, kosa liwe lako, na uwe umepewa nafasi ya kujieleza. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasivuke robo ya ujira wako. Keshia wengi hawajui hili, na mameneja wengi hawana haraka ya kuwaambia.

Kaunta nayo ina ulinzi wake. Hesabu chenji ya kuanzia mbele ya anayekukabidhi, wote wawili msaini. Ukienda kula, droo ifungwe. Asikae mtu kwenye mashine kwa jina lako, hata kwa dakika tano, hata kama ni supavaiza. Jioni usiondoke kabla ya kuona hesabu yako imeandikwa. Weka daftari lako mwenyewe la tarehe, kiasi kilichopungua na aliyekuwepo. Shoti za mwenzako usiziandike. Zako zikiwa na maelezo kamili zinatosha kuonyesha unavyotendewa.

Naweza kwenda CMA?

Inategemea. Urafiki peke yake haumo kwenye orodha ya ubaguzi uliokatazwa na sheria hiyo ya ajira. Lakini mara nyingi urafiki huo una kitu nyuma yake. Kama wanaopandishwa wote ni wa kabila moja na meneja, au dini moja, au wanawake wakishika mimba wanarudishwa nyuma, basi sheria imeguswa, kwa kuwa hayo yametajwa humo pamoja na ulemavu, umri na hali ya ndoa. Ukionyesha dalili za kutosha, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unamhamia mwajiri.

Mgogoro wa namna hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO kazini, pita kwa mwakilishi wake kwanza. Na tafadhali usiache kazi kwa hasira.

Meneja ameniambia cheo kipo, ila "niwe mkarimu" kwake. Nimeogopa kumwambia mtu.

Huo si upendeleo, ni jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtaja waziwazi mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au cheo. Hifadhi ujumbe wake wote, usifute hata mmoja, na uipigie simu Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) kwa namba 113. Simu hiyo ni bure.

Mimi ni meneja. Anayestahili cheo kweli ni rafiki yangu wa siku nyingi. Nimnyime kwa sababu ya maneno ya watu?

Usimnyime, ila usimchague wewe. Iambie kampuni mapema kwamba ni rafiki yako, kisha usaili ufanywe na meneja wa tawi jingine pamoja na mtu wa rasilimali watu. Vigezo vibandikwe chumba cha kupumzikia kabla maombi hayajapokelewa, na kila aliyekosa aambiwe kwa maandishi alipungukiwa wapi. Hata hivyo, jiulize: katika miezi sita iliyopita, kukaimu ulimpa nani? Kama ni yeye tu, ahirisha usaili, wape na wengine zamu hizo, ndipo utangaze nafasi.