Tuma na ya Kutolea: Kwa Nini Fedha ya Simu Inakubalika Hapa na Kusuasua Kule?



Likizo iliyopita tulitumwa kusaidia uchungaji katika kigango kimoja cha pwani, kati ya Tanga mjini na Pangani. Waumini wake wengi ni wakulima wa minazi na mihogo, wengine ni wavuvi, na wachache wanafanya vibarua katika mashamba ya mkonge. Jumapili moja baada ya ibada, halmashauri ya kigango ilikaa kujadili michango ya nyumba ya katekista. Mhazini alitoa hoja kwamba kuanzia mwezi unaofuata michango yote ilipwe kwa simu, kwenye namba moja, na ule ujumbe wa muamala ndio uwe stakabadhi. Hakuwa na nia mbaya. Fedha taslimu za kigango zilikwisha kupotea mara moja, na hadi leo hakuna anayejua zilipotelea wapi. Vijana wote wakamuunga mkono.

Kisha bibi mmoja akainuka, akasema: "Wanangu, simu niliyonayo ni ya mjukuu, na laini ni yake. Mimi nikiwa na mia tano yangu, niipeleke wapi?" Hakuna aliyemjibu, na mwenyekiti akaahirisha kikao.

Swali la bibi lilitufuata hadi seminarini. Tuligundua kwamba ni swali lile lile linaloulizwa kuhusu mataifa: kwa nini chombo kimoja, chenye faida ile ile, kinapokelewa kwa mikono miwili katika nchi moja na kusuasua katika nchi nyingine? Katika somo hili tunatafuta jibu, kisha tutarudi kwenye kikao cha kigango.

1. Fedha inayosafiri inahitaji mtu wa kuaminiwa

Pwani yetu inajua kutuma fedha tangu zamani. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walitumia hawala: unampa mtu fedha hapa, mwenzake anamlipa ndugu yako kule ng'ambo, bila sarafu yenyewe kupanda chombo. Mkonge ulipoletwa Tanga mwaka 1893, mashamba yalivuta vibarua kutoka bara na hata kutoka nchi jirani. Hao nao walikuwa na wazazi na wake nyumbani. Mshahara ulirudishwa kwa mkono wa mwenzao anayekwenda likizo, au kwa hawala ya posta. Wazazi wetu walitumia makondakta wa mabasi: bahasha ilifungwa vizuri, ikaandikwa jina, na anayepokea alisubiri stendi kwa moyo wa wasiwasi.

Jambo hili limo hata katika Maandiko. Mtume Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu, hakubeba fedha peke yake kimyakimya. Aliwaagiza Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuipeleka, naye angewapa barua. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliojulikana na makanisa, ili mtu yeyote asipate sababu ya kunung'unika kuhusu fedha hiyo (taz. 1 Kor 16:3, 2 Kor 8:16-21). Paulo alijua kwamba kutuma fedha mbali ni suala la uaminifu kwanza, na uaminifu unahitaji utaratibu unaoonekana.

2. Kenya na Tanzania: jirani wawili, njia mbili

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Unampa wakala fedha taslimu, naye anakuhamishia kiasi hicho kutoka floti yake kuja kwenye laini yako. Fedha halisi zinazolingana na salio za wateja wote hutunzwa benki katika akaunti ya amana, kampuni ya simu isizitumie kama mali yake. Anayepokea huenda kwa wakala wa kwake na kutoa. Kwa hiyo chombo hiki hakifanyi kazi kwa sababu ya simu tu. Kinafanya kazi kwa sababu ya maelfu ya vibanda, meza na maduka ambako mtu anayefahamika mtaani amekaa na fedha mkononi.

Kenya ilikimbia. Kampuni moja ilikuwa na wateja wengi kupita zote, hivyo karibu kila uliyetaka kumtumia fedha alikuwa kwenye mtandao ule ule. Watu wengi walifanya kazi mijini na kutunza familia vijijini. Benki Kuu yao nayo iliruhusu jambo jipya lianze huku ikiliangalia kwa karibu. Watafiti Tavneet Suri na William Jack waliandika mwaka 2016 kwamba huduma hii ilisaidia kuziinua kutoka katika umaskini takriban asilimia 2 ya kaya za Kenya, na kwamba manufaa yalionekana zaidi katika kaya zinazoongozwa na wanawake.

Tanzania tulianza polepole. Nchi yetu ni kubwa, vijiji vimetawanyika, na wakala alikuwa mbali. Tena wateja wetu waligawanyika kati ya kampuni kadhaa, na mwanzoni kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na usumbufu mwingi. Lakini udhaifu huo ukatuzalia jambo jema. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni zilikubaliana kuunganisha huduma zao, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikajiunga. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani ambako mteja wa mtandao mmoja anamtumia wa mwingine moja kwa moja. Leo msemo "tuma na ya kutolea" unaeleweka Horohoro mpaka Handeni, na watoto wanaujua.

3. Kule ilikosuasua

Tusidhani kwamba nchi ambako huduma hii haikushika ni nchi zilizolala. Afrika Kusini, nchi yenye uchumi mkubwa kuliko wetu, ilianzishiwa M-Pesa mwaka 2010, ikafungwa mwaka 2016. Sababu kubwa ni kwamba watu wengi walikwisha kuwa na kadi za benki, na maduka makubwa yalikwisha kuwatumia fedha zao. Dawa ilikuja wakati ugonjwa umekwisha kupata tiba nyingine. Ujerumani hali inafanana: benki zipo, na bado watu wengi wanapenda noti mkononi, wengine kwa kulinda faragha yao.

Nigeria kizuizi kilikuwa kanuni. Kwa miaka mingi Benki Kuu yake ilitaka benki ziongoze, si kampuni za simu, na kwa hiyo mtandao wa mawakala haukukua kama kwetu. Ethiopia kampuni ya simu ilikuwa moja tu, ya serikali. Huduma yake ya telebirr ilianza mwaka 2021, na M-Pesa iliingia mwaka 2023.

Somaliland ni kinyume chake. Huko huduma ya Zaad ilianza mwaka 2009 na kuenea upesi mno, ikitumia dola. Shilingi yao ilikuwa imeshuka thamani kiasi kwamba kununua kitu kidogo kulihitaji mafungu ya noti. Mahali ambapo noti zimekuwa mzigo, simu inakuwa nafuu.

4. Tunajifunza nini?

Katika darasa la falsafa tunasoma kwamba Aristoteli, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, aliliunganisha jina la Kigiriki la fedha na neno lenye maana ya sheria au desturi. Alitaka kuonyesha kwamba fedha haina thamani kwa asili yake, kama chakula kinavyoshibisha. Ina thamani kwa sababu jamii imekubaliana. Makubaliano hayo hayaji kwa mtambo. Yanajengwa, na yanaweza kubomoka.

Kutokana na mifano hiyo tunaona nguzo nne. Ya kwanza ni hitaji: je, njia iliyopo imewashinda watu? Ya pili ni uaminifu: je, wanamjua anayeshika fedha yao? Ya tatu ni sheria: je, inaruhusu na kulinda? Ya nne ni gharama. Hii ya nne Watanzania tuliionja Julai 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu. Malalamiko yalikuwa makubwa, na watu wakarudi kubebana na noti. Septemba ya mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Watu hawakuwa wamesahau kutumia simu. Walipiga hesabu tu.

5. Mpaka unaopita katikati ya kijiji

Basi tunarudi kwa bibi. Kwa kawaida tunalinganisha nchi na nchi, lakini tofauti hizo hizo zimo ndani ya kigango kimoja. Kijana mwenye simu janja anaishi kama yuko Nairobi. Bibi yuko kwenye enzi ya bahasha ya kondakta, si kwa ukaidi, bali kwa sababu nguzo nne hazijasimama nyumbani kwake. Laini si yake. Namba ya siri anaijua mjukuu. Wakala wa karibu yuko mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mara nyingine ukifika anasema hana floti. Amewahi kusikia jirani aliyeibiwa na ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Na mchango wake ni shilingi mia tano. Ukitoa ada, sehemu yake itaishia njiani.

Bwana wetu aliketi kuielekea sanduku la hazina, akamwona mjane akitia senti zake (taz. Mk 12:41-44). Alimwona kwa sababu lilikuwapo sanduku ambalo hata mjane aliweza kulifikia. Tukiliondoa sanduku, hatujaongeza uwazi wa hesabu; tumemwondoa mjane machoni petu. Lakini pia tusimlaumu mhazini wetu. Yeye alikuwa anatetea neno la Paulo: fedha ya Kanisa isishikwe kwa namna inayoleta manung'uniko. Wote wawili walikuwa na haki.

Halmashauri ilipokaa tena, iliamua hivi. Anayeweza kulipa kwa simu alipe. Asiyeweza atoe taslimu kwenye jumuiya yake, mbele ya mashahidi wawili, aandikwe daftarini na apewe karatasi. Fedha za jumuiya zitumwe kwa pamoja mara moja kwa mwezi, ili ada iwe moja, na ada hiyo ilipwe na kigango. Hesabu zote, za simu na za daftari, zisomwe kanisani bila kutofautisha nani ametoa kwa njia ipi. Mhazini alikubali, ingawa alisema kazi yake imeongezeka maradufu, na kweli imeongezeka. Tulipoondoka, vijana wawili walikuwa wamejitolea kumsaidia kuandika.

Maendeleo yanayomfaa binadamu hayapimwi kwa kasi ya walio mbele pekee. Yanapimwa pia kwa kuangalia kama aliye nyuma bado ana mlango wa kuingilia.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani hawezi kuchangia kwa simu? Je, tumewahi kumuuliza sababu, au tumedhani hataki?
2. Fedha zetu za pamoja ziko kwenye laini ya nani? Ni watu wangapi wanaweza kuthibitisha salio?
3. Mtoto au mjukuu anayeshika namba ya siri ya mzee ana wajibu gani mbele ya Mungu?
4. Ni utaratibu gani unaoweza kulinda hesabu za jumuiya bila kumfungia mlango mtu yeyote?