Elimu ya Afya: Usingizi na Dawa kwa Mtu Anayeishi na Kifafa

Malalamiko kuhusu usingizi huwafikia wahudumu wa kliniki za kifafa kwa sura mbili. Yupo mgonjwa anayesema kuwa dawa inamlaza hadi saa nne asubuhi ilhali shamba linamsubiri. Yupo pia anayekesha akigeuka kitandani hadi jogoo wawike. Wa kwanza hushawishika kuacha dawa, na wa pili hushawishika kununua kidonge kingine dukani. Uamuzi wowote kati ya hiyo, ukifanywa bila ushauri, unaweza kumrudisha mgonjwa kwenye kuanguka na wakati mwingine kugharimu maisha yake.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizwi kwa mate wala hautokani na kurogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka endapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa nchini, kliniki ya kifafa iliyoanzishwa Mahenge, wilayani Ulanga, na daktari Louise Jilek-Aall mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilionyesha kuwa hata vijijini mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa dawa ya bei nafuu, mradi aimeze kila siku.

Usingizi na kifafa

Mtu huanguka kifafa pale chembe za ubongo zinapotoa umeme mwingi kwa pamoja bila utaratibu. Ubongo uliokosa usingizi hufikia hali hiyo kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huanguka asubuhi baada ya mkesha wa msiba, harusi au ibada, au baada ya usiku wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Pombe ikiongezeka juu ya mkesha, hatari huwa kubwa zaidi.

Kifafa nacho huharibu usingizi. Wapo wanaoanguka wakiwa wamelala na wasijue. Dalili zake huonekana asubuhi: ulimi uliong'atwa, shuka lililoloa mkojo, kichwa kuuma, na misuli kuchoka kana kwamba mtu amebeba mizigo usiku kucha. Mgonjwa huyo husinzia mchana, na lawama hupelekwa kwenye dawa, kumbe dawa aliyopewa bado haijatosha. Akiipunguza mwenyewe, anauongeza ugonjwa uleule unaomnyima usingizi.

Dawa inapolaza

Fenobabitoni, ambayo hutumika sana katika vituo vya afya, huleta usingizi, hasa katika wiki za mwanzo au baada ya kipimo kuongezwa. Kwa wengi hali hiyo hupungua mwili unapoizoea. Kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, jioni au usiku, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya kuanza, huchukua wiki 2 hadi 3 kabla kiwango chake katika damu hakijatulia.

Tabia hiyo ya kukaa muda mrefu ndiyo inayowapotosha wengi. Mgonjwa anayeruka kidonge cha leo ili kesho aamke mapema hapati nafuu kubwa, kwa sababu dawa ya siku zilizopita ingali mwilini. Akiendelea kuiacha, siku chache za kwanza hupita salama naye hudhani kuwa amepona. Kisha kiwango hushuka na kifafa hurudi kwa nguvu. Huenda akaanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, hali inayoweza kuua. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla. Kwa kawaida suala la kuiacha hujadiliwa baada ya mgonjwa kukaa angalau miaka 2 bila kuanguka, na hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa watoto, fenobabitoni inaweza kufanya kinyume: mtoto akawa mtundu kupita kiasi na usiku asilale. Mzazi asimpe adhabu wala kumwachisha dawa, bali amrudishe kliniki.

Vidonge vya usingizi

Diazepamu ni dawa muhimu ya kumtuliza mgonjwa anayeendelea kutikiswa na kifafa, na hutolewa na mhudumu wa afya. Ikimezwa kila usiku kama dawa ya usingizi, mwili huizoea ndani ya wiki chache na kudai zaidi. Ikikatizwa ghafla, inaweza kusababisha kuanguka. Ikichanganywa na fenobabitoni, na hasa pombe ikiongezwa, inaweza kudhoofisha upumuaji.

Wapo pia wanaotumia dawa za mzio na mafua zinazoleta usingizi, kama klorfenilamini, au amitriptilini aliyoandikiwa jirani kwa maumivu yake. Dawa hizi humlaza mtu, lakini zinaweza kuufanya ubongo uwe mwepesi kupata kifafa. Kwa hiyo, kila anayeingia katika duka la dawa muhimu aanze kwa kusema kwamba anatumia dawa za kifafa. Kadhalika, asifiche dawa za asili anazotumia.

Yanayofaa kufanywa

Mgonjwa au ndugu anayemwangalia aweke daftari dogo na kuandika saa ya kumeza dawa, saa ya kulala na kuamka, na siku alizoanguka. Anayelala chumba kimoja naye aeleze alichokiona usiku. Kwa taarifa hizo mhudumu anaweza kusogeza saa ya dawa kutoka saa tano usiku hadi saa moja jioni, kurekebisha kipimo, au kubadilisha dawa. Mara nyingi mabadiliko hayo madogo hutosha bila kuongeza kidonge cha usingizi.

Nyumbani, mgonjwa alale na kuamka saa zilezile kila siku, aepuke chai ya rangi na kahawa kuanzia alasiri, na asinywe pombe. Familia impunguzie zamu za mkesha. Kumwacha alale usiku wa msiba si kukosa heshima. Anayetaka kufunga Ramadhani apange saa za dawa na kliniki mapema. Anayesinzia mchana, au ambaye bado anaanguka, asiendeshe bodaboda, asipike peke yake kwenye moto wa wazi, wala asiende kisimani au mtoni bila mwenzake.

Wakati wa dharura

Mtu akianguka, asogezwe mbali na moto na maji, alazwe ubavu, na asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Asibanwe kwa nguvu. Ikiwa kutikisika kumezidi dakika 5, au ameanguka tena kabla ya kupata fahamu, apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.

Wananchi wanakumbushwa kuwa ushauri wa awali hutolewa katika zahanati ya kijiji, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumwelekeza mgonjwa kwenye kliniki inayohusika. Anayesumbuliwa na usingizi, uwe mwingi au uwe haba, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende mapema akiwa na daftari lake na pakiti za dawa zote anazotumia, na aendelee kumeza dawa ya kifafa kama alivyoelekezwa hadi atakapoonana na mhudumu.