Somo: Mwendo wa Mtoto (Mwanzo 33:12-14)

Esau alikuja na watu 400, akataka Yakobo waandamane. Yakobo akakataa kwa upole, kwamba watoto ni wadogo, yeye atakuja polepole kwa mwendo wao. Na huyu ndiye ndugu aliyekuwa akimwogopa sana! Hata hivyo hakuwaburuta watoto ili kumpendeza mkubwa.

Sasa sisi. Mama ametoka kuchuma majani chai, jioni anakimbilia matatu pale Litein na mtoto wa miaka miwili ambaye hataki kubebwa, anaokota kila jiwe. Konda anapiga kelele. Baba yuko mbele na simu. Nani ameshika mkono?

Tarehe 30 Juni 2023, Londiani Junction, lori liliacha barabara likavamia watu, zaidi ya 50 wakafa. Wale hatuwahukumu, hata watu wazima hawangekwepa. Lakini kando ya barabara zetu si mahali pa mtoto kukimbia peke yake. Wacha hiyo matatu iende, ingine itakuja. Na akiuliza kuhusu kila ng'ombe, mjibu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja njiani pia.

Swali la ushirika wa nyumbani: safari yenu ya mwisho, nani alimbeba mtoto?