NAMBA ZA JANA HAZIIJUI KESHO

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho.

Labda unalo daftari. Umeandika humo matokeo ya bahati nasibu ya miezi mingi. Zile namba ambazo hazijatoka siku nyingi umezizungushia kalamu nyekundu. Unajiambia, "Hii imekaa mno, wiki hii lazima itoke!" Hata mimi nilikuwa na daftari kama hilo, na baiskeli ya baba yangu ilikwenda na hilo daftari. Basi nakuuliza: nani ameiambia hiyo namba kwamba imechelewa?

1. YALIYOWAPATA WAITALIA

Huko Italia kuna bahati nasibu iitwayo Lotto. Katika kila droo ya mji, mipira 90 hutiwa kwenye chombo, inatolewa mitano. Kwenye droo ya mji wa Venice namba 53 ilitoka Mei 2003, halafu ikapotea. Watu wakaanza kuisubiri. Mwaka ukapita, wapi! Kadiri ilivyokawia ndivyo walivyozidi kusema, "Sasa iko karibu." Wakatoa akiba zao zote. Wengine wakakopa. Droo zaidi ya 180 zikapita bila 53.

Ikatoka tarehe 9 Februari 2005. Lakini kufikia siku hiyo watu walikuwa wameshamwaga pesa zilizokadiriwa kuzidi euro bilioni 3. Familia zilikuwa zimefilisika, na magazeti yaliandika habari za watu waliojiua.

2. WALIKOSEA WAPI?

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mipira 5 kati ya 90 maana yake kila namba ina nafasi 1 kati ya 18. Siku ya kwanza ya kusubiri, 53 ilikuwa na nafasi 1 kati ya 18. Baada ya droo 100, ni 1 kati ya 18. Baada ya droo 180, ni ile ile! Mpira hauna kumbukumbu. Hauoni aibu kwamba umechelewa. Na ile namba unayosema "inatoka sana" nayo haijui kwamba ilitoka juzi.

Tena sikia hili: aliyeipata namba moja alilipwa kama mara 11 tu ya pesa yake, wakati nafasi ni 1 kati ya 18. Sasa hapo nani anashiba? Ni mwenye mchezo.

3. "LAKINI MTUMISHI, SI MIPIRA HUCHEZEWA?"

Ndiyo, imewahi kutokea. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, tarehe 24 Aprili 1980, matapeli walitia rangi ndani ya mipira ili iwe mizito, isipokuwa mipira ya 4 na ya 6. Ikatoka 666. Baadaye wakakamatwa na kuhukumiwa. Angalia sana hapo: watu hao hawakusoma matokeo ya zamani. Waliichezea mipira yenyewe. Daftari halikuwasaidia chochote!

Na yule anayekuuzia "namba za uhakika", jiulize: kama anazijua, kwa nini asizicheze mwenyewe akatajirika? Anakula hela yako wewe, siyo ya droo.

4. JIPIME MWENYEWE

Kama bado unabisha, fanya hivi. Usilipe hata senti. Andika namba ambazo daftari linakuonyesha. Halafu mwambie mdogo wako ataje namba zozote. Fanya hivyo droo 20, kisha mlinganishe. Daftari lako halina nafasi kubwa kuliko mtoto asiyejua kusoma; likimshinda, ni bahati tu.

AMUA LEO

Kijana, hela unayosubiri irudi haijui njia ya kurudi. Usiifuate kwa hela nyingine. Hicho kidogo ulichonacho mfukoni leo bado ni chako. Kalichane hilo daftari leo, siyo kesho. Mungu akutie nguvu.